Mtahini wa Udereva Kwenye Ngazi za Hatton

Norris Tapscott aliwatahini madereva wa mji wa Kettering kwa miaka thelathini na mitatu, na katika muda wote huo hakuna aliyemwona akitabasamu ndani ya gari. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye masharubu yaliyokatwa sawasawa kama mswaki mpya. Akishaketi kiti cha abiria na kuweka ubao wake mapajani, vijana wenye vifua vipana walisahau breki iko wapi. Siku aliyostaafu wenzake walimkatia keki, wakampigia makofi kidogo, naye akaenda nyumbani moja kwa moja kumwambia mkewe kwamba wauze nyumba wanunue boti.

"Boti?" akauliza mkewe. "Wewe unayeogopa bafu?"

"Siogopi bafu. Sipendi kuloa tu."

Mkewe, Glenys, alikuwa amewapikia watoto wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa mfupi, mnene, mwepesi wa kucheka, na habari ya boti aliicheka mchana kutwa. Kesho yake asubuhi akaanza kugawa vyombo. Alikuwa amechoshwa na dirisha lile lile linalotazama uzio ule ule.

Basi wakanunua boti nyembamba ya chuma, urefu wake mita kumi na saba na upana mita mbili, yenye kitanda, jiko la kuni, na choo ambacho Norris alikibandikia masharti kumi na mawili ya matumizi. Kuishi humo kulikuwa kama kuishi katika ujia wa hoteli: mmoja akitaka kwenda kulala, mwenzake sharti aketi kwanza ampishe. Na kwa mapenzi, bila kumshauri mtu, Norris akaiandika boti ubavuni jina la mkewe kwa herufi za dhahabu: GLENYS.

Hapo ndipo aibu ilipoanzia. Norris alikuwa hamalizi wiki bila kuikwamisha boti mahali, na watu wa mifereji ni hodari wa kupashana habari. Ukingoni kote ukasikia: "Glenys imekwama chini ya daraja!" "Glenys imelala kinyume, hakuna anayepita!" "Tumeisukuma Glenys watu sita, haiendi!"

"Mimi niko jikoni nakaanga nyama!" Glenys alikuwa akitoa kichwa dirishani kuwajibu. "Iliyokwama ni boti, jamani. Mimi napita vizuri tu!"

Pamoja na yote hayo, usukani Norris hakumwachia. "Hii ni taaluma, mama," alimwambia. "Mtu hajishikii tu." Alifunga nyuma ya boti kioo cha kutazamia anayekuja, ingawa aliyekuja kwa kawaida alikuwa bata. Kabla ya kila kona alinyoosha mkono kuonyesha anakoelekea. Lakini boti haina breki. Ukisukuma usukani kushoto, yenyewe inakwenda kulia. Tena haigeuki kwa kichwa kama gari, inageukia kiunoni, mkia ukaenda kupiga watu wengine. Norris aliyajua haya yote kwa kuyasoma. Mikono yake ndiyo iliyokataa shule.

Mwaka wa pili wa safari zao, asubuhi moja ya mwezi wa Mei, walifika chini ya ngazi za Hatton.

Pale mfereji unapanda kilima kwa ngazi ishirini na moja, moja baada ya nyingine. Kila ngazi ni birika refu la matofali lenye malango makubwa ya mbao mbele na nyuma. Boti inaingia chini, lango linafungwa, mtu aliye ukingoni anazungusha hendeli ya chuma kufungulia maji, birika linajaa, na boti inanyanyuka hadi usawa wa juu. Kisha inayofuata. Kazi ya hendeli siku zote ilikuwa ya Glenys, pamoja na bega lake lililoumia zamani kwa kubeba masufuria ya maharagwe.

Chini ya ngazi ya kwanza palikuwa na boti nyingine ya kijani imefungwa, na juu ya paa lake ameketi mwanamke wa miaka hamsini na kitu, buti za mpira miguuni, kikombe cha chai mkononi. Mabirika ya Hatton yanameza boti mbili ubavu kwa ubavu, na ni ustaarabu kumsubiri mwenzako ili maji yasipotee bure.

"Tunapanda wote?" akauliza. Kisha akasoma jina ubavuni. "Ala! Ninyi ndio Glenys? Nimewasikia tangu Northampton."

"Usiamini yote uliyosikia," akasema Glenys.

"Nimeambiwa mmebomoa banda la bata."

"Hilo liamini."

Mwanamke akacheka, akasema anaitwa Lorna, akaruka chini kwenda kufungua kamba zake. Boti yake ikaingia birikani taratibu kama mkono unavyoingia mfukoni. Ya Norris ikafuata, ikagonga ukuta wa kulia, ikaomba radhi kwa kugonga wa kushoto, ikatulia. Vikombe vya Glenys vikaanguka kabatini.

Ngazi ya pili ikapita hivyo hivyo. Kwenye ya tatu, malango yalipofunguka na Glenys akawa anahangaika kuruka ndani ya boti na hendeli yake, Norris akamwambia kwa sauti ya kazini, ile ambayo haikumtoka hata baada ya kustaafu: "Ukiwa tayari, tafadhali, tuondoke."

Kikombe cha Lorna kikatumbukia majini.

"Rudia hayo maneno," akasema.

"Maneno gani?"

"Hayo ya ukiwa tayari tafadhali." Akamtazama kutoka buti hadi masharubu. "Mungu wangu. Bwana Tapscott! Kettering! Wewe si ulinifelisha mimi?"

"Huenda," Norris akasema kwa tahadhari. "Niliwafelisha wengi. Nyuso huwa sizikumbuki. Huwa nakumbuka makosa."

"Haya basi, yakumbuke. Mara ya kwanza nilipanda juu ya bustani ya maua ya kanisa. Mara ya pili niliendesha nusu saa na breki ya mkono imevutwa. Mara ya tatu nilijikuta katikati ya msafara wa maiti, nikashindwa kutoka, tukafika hadi makaburini..."

"Bi Catchpole!" Norris akasema, na uso ukambadilika rangi. "Tulisimama pale wakati mchungaji anasali."

"Wewe ulivua kofia."

"Ningefanyaje?"

Glenys alikuwa amekaa chini juu ya paa la boti, machozi yanamtoka kwa kicheko. "Norris! Hili hujanisimulia hata siku moja!"

"Siri za kazi," akasema Norris. Lakini moyoni hakuwa na raha, kwa maana Lorna Catchpole alikuwa ametahiniwa mara tano, na ile ya tano Norris aliikumbuka vizuri kuliko zote. Alimwomba Mungu mwanamke huyu aishie ya nne.

Walipotoka ngazi ya sita, Norris alikuwa na mawazo mengi mno. Boti ikaenda mshazari, pua ikajikita kwenye matope ya upande huu na mkia upande ule, ikaziba mfereji wote kama kizibo. Aliongeza kasi ya injini, akarudisha nyuma, akachukua upondo akasukuma. Upondo ukabaki matopeni umesimama wima peke yake, yeye akabaki ameukodolea macho.

"Bwana Tapscott," Lorna akaita kwa upole kutoka ukingoni, "umewahi kumjaribu mkeo hapo kwenye usukani?"

"Glenys hana leseni."

"Hii haitaki leseni, bwana. Kwa nini unadhani mimi nimeishi juu yake miaka ishirini na minane?"

Glenys akamtazama mumewe, akamnyooshea hendeli. Norris akaitazama hendeli, akautazama upondo, kisha akapokea.

Lorna akaivuta boti yao kwa kamba ikakwamuka, kisha akaifunga ubavu kwa ubavu na yake kwa kamba mbili, akamwambia Glenys azipeleke zote pamoja kama kitu kimoja. "Polepole tu. Tazama unakokwenda, usitazame unachoogopa."

Glenys akashika usukani kama alivyokuwa akishika mwiko wa sufuria la watoto mia tatu, bila haraka na bila kuchezacheza. Boti mbili zikaingia ngazi ya saba pasipo kugusa ukuta. Zikaingia ya nane. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli akasimama kutazama.

"Naona rahisi," Glenys akasema kwa mshangao. "Mbona ulikuwa unatoka jasho?"

Sasa jasho lilikuwa likimtoka Norris kwa sababu nyingine. Kila nguzo ya kufungulia maji pale Hatton inataka hendeli izungushwe zaidi ya mara ishirini, na nguzo ni mbili kila ngazi, na baada ya hapo kuna lango la mbao la kusukuma kwa makalio mpaka liamue lenyewe kufunguka. Kufikia ngazi ya kumi alikuwa hoi. Alikuwa akimwona mkewe akifanya kazi hii kwa mwaka mmoja na nusu, naye yuko nyuma amesimama na kikombe cha chai, anamwambia aongeze bidii kidogo.

Wakati maji yanajaa ngazi ya kumi na moja, Lorna akaja kuketi juu ya boriti ya lango, karibu yake.

"Zile nne nilistahili," akasema. "Sina neno nazo. Ile ya tano ndiyo iliyonimaliza."

Norris akazidi kuzungusha hendeli, ingawa ilikuwa imefika mwisho.

"Niliendesha vizuri, unakumbuka? Nusu saa nzima, sikukosea hata mara moja. Tukawa tunarudi, zimebaki dakika tano. Mara nikasikia mtu anapiga yowe, 'Mama yangu wee!' Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Nikakuuliza, 'Nani amepiga kelele?' Ukaniambia, 'Hakuna aliyepiga kelele, Bi Catchpole.' Ukaandika: amefunga breki ghafla bila sababu."

"Ndiyo," akasema Norris kwa sauti ndogo.

"Nikaenda nyumbani nikamweleza mama kwamba nasikia sauti. Akanipeleka kwa daktari wa akili. Mara sita, Bwana Tapscott. Daktari akiniuliza, 'Hiyo sauti inakuamuru nini?' Namwambia haiamuru kitu, inamwita mama yake tu. Alikuwa hajapata kusikia ugonjwa kama huo. Akaita wenzake waje wanisikilize."

Norris akaweka hendeli chini. Miaka thelathini alikuwa amejiambia kwamba jambo lile lilikuwa dogo, kwamba bila shaka msichana alijaribu tena mahali pengine akapata. Habari ya daktari wa akili hakuwa ameiwaza hata mara moja.

"Ilikuwa nyigu," akasema.

"Nini?"

"Nyigu. Aliingia dirishani. Aliniingia kwenye mguu wa suruali akapanda juu." Akameza mate. "Akapanda juu sana. Mimi ndiye niliyepiga kelele, Bi Catchpole. Niliona haya. Mtu mwenye cheo changu, kuita mama ndani ya gari la serikali. Kabla sijafikiri nikawa nimekwisha kukuambia hakuna aliyepiga, na nikishasema kitu huwa sijui namna ya kukirudisha."

Wakati huo maji yalikuwa yakijaa birikani, na kichwa cha Glenys kikawa kinachomoza taratibu kutoka shimoni, kwanza nywele, kisha macho, yaliyokuwa yametoka pima, kisha mdomo, nao ulikuwa wazi.

"Siku ya siki!" akapiga kelele. "Norris! Uliniambia ni upele wa joto! Nilikupaka siki siku tatu, umelala kifudifudi unalia, unaniambia ni upele wa joto!"

"Sikulia."

"Ulilia! Majirani waliuliza!"

Lorna hakuwatazama wote wawili. Alikuwa ameukazia macho mfereji. Mwishowe akauliza, "Alikuwa nyigu mkubwa?"

"Mkubwa."

"Alikuuma?"

"Mara mbili."

"Vizuri," akasema Lorna, akasimama akaenda kusukuma lango.

Ngazi nane zilizofuata hakusema naye. Alizungumza na Glenys peke yake, habari za kamba na mahali pa kununua makaa, na Norris alizungusha hendeli zote, za pande zote mbili, akivuka malango mbio kama mtu anayefukuzwa. Hakuna aliyemwambia apumzike. Kwenye ngazi ya kumi na tisa Glenys alimrushia kipande cha mkate wenye nyama, naye akakila akitembea.

Juu ya ngazi za Hatton pana mkahawa, na kwa kuwa ilikuwa Jumapili yenye jua, watu walikuwa wamejaa ukingoni: familia na aiskrimu zao, waendesha baiskeli, kikundi cha akina mama wazee waliokuja kwa basi kutazama boti. Glenys akaziingiza boti mbili ngazi ya ishirini na moja kwa unyoofu uliowafanya wazee wale wapige makofi. Maji yakajaa. Lorna akaja akasimama mbele ya Norris, mikono mifukoni.

"Nimefikiri," akasema. "Nataka uipige tena."

"Nipige nini?"

"Ile kelele. Nataka kujua kama ndiyo yenyewe. Miaka yote hii nimekuwa nayo kichwani, nani ajue, labda ya kwako ni nyingine, na mimi kweli ni mgonjwa."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Daktari aliita watu wanane."

Norris akatazama huku na huku. Akamtazama mkewe amwokoe. Glenys alikuwa ameegemea usukani, amekunja mikono, anasubiri kama wengine. Norris akakohoa, akanyoosha fulana yake, akasema, "Mama yangu wee."

Aiskrimu zikasimama njiani.

Lorna alikuwa amefumba macho. Akatikisa kichwa. "Hapana. Ilikuwa kubwa zaidi."

"Mama yangu wee!"

"Na nyembamba zaidi. Kama ya mtoto."

Norris akavuta pumzi. Akamkumbuka nyigu, akakumbuka miguu yake membamba ikipanda juu ya goti, ikiendelea. Akaikumbuka pia sura ya msichana wa miaka ishirini na mitatu aliyemgeukia na kumuuliza nani amepiga kelele. Akafungua kinywa, na yowe lililomtoka likawarusha bata majini, likamfanya mwendesha baiskeli mmoja akanyage nyasi, na bibi mmoja katika wale wa basi akajishika kifua akasema, "Maskini, mama yake amezama!"

Lorna alifumbua macho. Yalikuwa yamejaa maji.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Ndiyo hiyo hiyo." Akakaa juu ya boriti ya lango, akaanza kucheka, na kicheko kikawa kama kilio, kisha kikarudi kuwa kicheko, na Glenys akashuka botini akaja akamshika mabega mpaka kikaisha.

Wakanywa chai watatu, meza ya nje. Norris alileta keki ya limau bila kuulizwa. Lorna akawasimulia kwamba alikuwa ameahidiwa kazi ya kuwatembelea wagonjwa vijijini, akaikosa kwa kukosa leseni, akaja mferejini kwa hasira, akidhani atakaa kiangazi kimoja.

"Na unajuta?" Norris akauliza.

"Siku nyingine. Mvua ikinyesha wiki mbili mfululizo, ndiyo." Akafuta makombo mdomoni. "Usiniulize kama nimekusamehe, maana sijui. Nitalitafakari. Mkifika Birmingham nitakuwa pale tangu Alhamisi. Njooni nitawaambia."

"Tutakuja," akasema Norris.

"Glenys ashike usukani. Nataka mfike."

Alasiri wakaagana naye, wakaendelea wawili. Mbele kidogo kuna handaki la Shrewley, ambapo mfereji unapita chini ya kijiji kwa zaidi ya mita mia tatu, na dari lake linavuja hata kusiponyesha. Norris alikaa mbele kwenye omo kuangalia taa, maji yanamdondokea shingoni. Nyuma kabisa, gizani, mkewe alikuwa akiendesha na kuimba wimbo wa kanisani.

"Glenys!" akaita. "Kwa nini hukujifunza gari?"

Wimbo ukakatika. "Uliniambia nisijaribu! Ulisema nikifeli utaaibika kazini!"

"Nilisema hivyo? Lini?"

"Harusini kwa dada yako! Nilikuwa na kofia ya pinki!"

Kofia aliikumbuka. Akafikiri kidogo, maji yakimtona puani.

"Samahani!" akaita.

"Unasemaje? Injini!"

"Samahani!" akapaza, na handaki likalichukua neno likalipeleka mbele na kulirudisha, samahani, samahani, mpaka likajaa kotekote.

Mbele yao ikatokea taa ya boti nyingine iliyokuwa ikija, na nyuma ya taa sauti nzito ya mwanamume wasiyemjua.

"Usijali, ndugu yangu!" ikasema. "Umesamehewa! Kaa kulia tu tupishane!"

Glenys akaisogeza boti kulia, kiasi kile kile kilichohitajika, na taa ikapita.